Chagua RAID kwa Ajili ya Siku Diski Itakapokufa

Mtu akinunua kisanduku cha diski nne kwa ajili ya ofisi au studio yake, swali la kwanza huwa ni hili: nitabaki na terabaiti ngapi? Ni swali la haki, maana diski ni ghali na kila terabaiti imelipiwa. Lakini nafasi ni hesabu ya siku ya kununua. Kinga ni hesabu ya siku nyingine kabisa, siku diski moja itakapokufa saa nne asubuhi wakati mhasibu anafunga mwezi, au mhariri wa video ana harusi mbili za kukabidhi Jumamosi. Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Piga hesabu ya nafasi, iandike, iweke kando. Kisha chagua kiwango cha RAID, yaani namna diski kadhaa zinavyounganishwa zifanye kazi kama moja, kwa kufikiria zile saa au siku utakazofanya kazi ukiwa na diski moja pungufu.

Hesabu ya nafasi ni fupi. Chukua diski nne za terabaiti 4. RAID 0 hukata data vipande na kuvitawanya kwenye diski zote: unapata terabaiti 16 kamili na kinga hakuna, diski moja ikifa zote nne zimekwenda nayo. RAID 5 inakuachia terabaiti 12 na inavumilia kifo cha diski moja. RAID 6 inakuachia 8 na inavumilia vifo viwili, vyovyote vile. RAID 10, ambayo ni jozi za diski pacha zilizounganishwa, nayo inakuachia 8. RAID 1 ni pacha mtupu: diski mbili zinabeba kitu kilekile, unapata ukubwa wa moja. Kwa ufupi RAID 5 inakula diski moja, RAID 6 inakula mbili hata ukiwa nazo nane, na RAID 10 inakula nusu siku zote. Ukichanganya ukubwa, kwa kawaida diski ndogo kuliko zote ndiyo huamua, na nafasi iliyozidi kwenye zile kubwa inakaa bure. Usishtuke pia Windows ikikuonyesha diski ya terabaiti 4 kama 3.6. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

RAID 0 naiondoa mezani mapema. Ina mahali pake, kwenye kompyuta ya kuhariri inayohitaji kasi kwa mafaili ya muda ambayo asili yake ipo salama kwingine. Kwa kitu chochote ambacho hakina nakala nyingine, usiiguse.

Ili uchague vizuri kati ya zilizobaki, ni lazima uelewe RAID 5 inawezaje kurudisha data ya diski iliyokufa wakati haikuweka nakala yake popote. Fikiria daftari la kikoba lenye wanachama watatu. Mmoja katoa 20,000, wa pili 15,000, jina la tatu limelowa maji halisomeki, lakini chini kabisa jumla imeandikwa 50,000. Huhitaji kumtafuta mwanachama wa tatu kujua kwamba alitoa 15,000. Hesabu ya diski inafanywa kwa biti na si kwa kujumlisha shilingi, lakini mantiki ni hiyohiyo. Diski ya kwanza ina 1, ya pili 0, ya tatu 1. Kanuni inasema idadi ya moja zote ikihesabiwa pamoja na ile ya kinga iwe shufwa, kwa hiyo biti ya kinga inaandikwa 0. Diski ya tatu ikifa, mashine inasoma 1, 0 na 0, inaona moja ipo peke yake, inajua iliyokosekana ilikuwa 1. Biti hizo za kinga ndizo huitwa pariti, na RAID 5 huzigawa kwenye diski zote ili pasiwe na diski moja inayobeba mzigo wote. RAID 6 huongeza hesabu ya pili iliyo tofauti na ya kwanza, ndiyo maana inaweza kupoteza mbili.

Kuna jambo moja kwenye mfano wa daftari ambalo watu hulipita haraka. Ili kupata kiasi cha mwanachama mmoja, ilibidi usome majina yote yaliyobaki, na yote yasomeke. Diski moja ya RAID 5 ikifa, kuirudisha kunahitaji kusoma diski zote zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. RAID 1 na RAID 10 hazihitaji hivyo. Zinasoma pacha mmoja tu na kumnakili.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hoja yao kwamba kundi la diski ndogo za bei nafuu linaweza kushindana na diski moja kubwa ya kompyuta za mashirika. Diski ndogo waliyoipigia hesabu ilikuwa ya megabaiti 100, yenye kasi ya kama megabaiti moja kwa sekunde. Kuijaza yote kulitaka sekunde 100 hivi, yaani hata dakika mbili hazikufika. Sasa chukua diski ya leo ya terabaiti 8 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde. Ukubwa umeongezeka mara 80,000, kasi mara 150. Kuijaza kunachukua karibu saa 15, na hapo hakuna mtu mwingine anayeitumia. Ukiiacha ofisi iendelee na kazi, ukajumlisha na kasi inayoshuka kadiri diski inavyoelekea mwisho wake, siku mbili au zaidi si ajabu. Hiyo ndiyo sababu ushauri wa miaka ya nyuma, kwamba RAID 5 inamfaa kila mtu, umezeeka.

Na saa za kujijenga upya ni sehemu moja tu ya muda wa hatari. Sehemu ya kwanza ni muda unaopita kabla hujajua. Kisanduku kikiwa chini ya meza, kelele yake imezoeleka, taa nyekundu imegeuziwa ukuta, diski inaweza kukaa imekufa miezi bila mtu kujua, kwa sababu kazi ya RAID ndiyo hiyo, kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sehemu ya pili ni muda wa kupata diski nyingine. Ukiwa Dar es Salaam utakwenda Kariakoo, ukiwa Nairobi utashuka mjini, pengine jioni umeshaipata. Ukiwa Sumbawanga au Kigoma, utapiga simu, utatuma hela, utasubiri mzigo uje kwa basi, na ukifika ugundue si aina uliyoagiza. Jumlisha muda wa kujua, muda wa kupata na muda wa kujenga. Hapo ndipo kiwango cha RAID kinapochaguliwa. Studio mbili zenye vifaa sawasawa, moja ikiwa karibu na maduka na yenye diski ya akiba kabatini, nyingine ikiwa safari ya siku nne kutoka dukani, hazipaswi kuchagua kitu kimoja.

Hatari gani hasa inakusubiri ndani ya muda huo? Ya kwanza ni kifo cha diski ya pili. Watu hudhani ni bahati mbaya ya mbali sana, lakini diski zako huenda zilinunuliwa siku moja, zikatoka kwenye katoni moja, zimezunguka saa sawa, zimekula joto sawa na mitikisiko ya umeme sawa. Uzee wake umefanana. Halafu ya kwanza ikifa, zilizobaki unazipa kazi nzito kuliko zote maishani mwake, kusomwa kwa mfululizo usiku kucha. Kama unaweza, nunua mbili duka moja na mbili duka jingine, au tofautisha tarehe za kutengenezwa zilizochapishwa kwenye lebo.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Kila diski huuzwa na takwimu ya kiwanda inayotaja kosa la kusoma lisilorekebishika. Kwa diski nyingi za kawaida kikomo hicho huandikwa kosa moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14. Igeuze kuwa baiti: ni terabaiti 12.5. Ukiwa na diski nne za terabaiti 8 kwenye RAID 5 na moja ikafa, utahitaji kusoma terabaiti 24 bila kosa. Niseme ukweli, takwimu hiyo ni kikomo ambacho kiwanda kinajilinda nacho, na diski nyingi zenye afya hufanya vizuri kuliko hapo. Lakini sekta mbovu iliyojificha kwenye faili ambalo halijafunguliwa miaka miwili huonekana siku hiyohiyo ya kujenga upya, na kwa RAID 5 yenye diski moja pungufu hakuna tena pa kuchukulia jibu. Baadhi ya kadi za RAID zikikutana nayo husimamisha ujenzi wote. ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaojiendeshea RAID yake, ina ustaarabu zaidi: hukutajia faili lililoharibika na kuendelea na mengine. Kwa RAID 6, kosa kama hilo likitokea diski moja imekufa, pariti ya pili inalisahihisha na wewe hujui hata kama lilitokea. Kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya RAID 6. Kupoteza diski mbili kwa mpigo hutokea, lakini kupoteza diski moja na sekta chache za nyingine hutokea zaidi.

Tuje kwenye uchaguzi sasa.

Ofisi ndogo, yaani mhasibu, wakili, shule, zahanati, saccos ya mtaani, mara nyingi data zake zote hazifiki terabaiti 2. Huyu asinunue diski nne. Anunue mbili kubwa za kutosha, aweke RAID 1, na fedha ya diski ya tatu na ya nne ainunulie diski za nje za kuwekea nakala. RAID 1 haina mbwembwe, na ndiyo sifa yake. Hesabu hakuna, ujenzi ni kunakili tu, na mara nyingi pacha mmoja akichomolewa anaweza kusomwa kwenye kompyuta nyingine yenye Linux bila kisanduku chenyewe. Nimeona watu wakidharau RAID 1 kwa kuwa inakula nusu ya nafasi, kisha wakaenda kwenye diski nne za RAID 5 ambazo nusu yake ilikaa tupu mpaka zilipozeeka. Nafasi ambayo hutaitumia si faida.

Mwenye kisanduku cha trei nne na data za kuzijaza anachagua kati ya RAID 6 na RAID 10, maana nafasi ni ileile. Tofauti iko kwenye tabia. RAID 6 inavumilia diski zozote mbili. RAID 10 ya diski nne, moja ikifa, imebaki na diski tatu, na kati ya hizo moja, pacha wa marehemu, ikifa umepoteza kila kitu. Kati ya zile mbili nyingine inaweza kupoteza yoyote moja. Kwa upande wa kinga RAID 6 inashinda. Kwa upande wa kasi inategemea unaandika nini. Badiliko dogo kwenye RAID 5 linataka kazi nne za diski: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Kwa RAID 6 zinafika sita. Kwa RAID 10 ni mbili tu. Programu ya uhasibu inayotumiwa na watu kumi kwa wakati mmoja, au hifadhidata ya hospitali, huandika vipande vidogovidogo mchana kutwa, na kwenye diski za kuzunguka utauona uzito huo. Hapo chagua RAID 10, au bora zaidi, jozi ya SSD katika RAID 1. Video ni habari nyingine. Klipu ya gigabaiti 20 inaandikwa kwa mfululizo mrefu, pariti inahesabiwa kwa mkupuo, na adhabu hiyo haisikiki.

Kwa hiyo mwenye studio ya harusi, sendofu na kipaimara, ambaye kila wikendi anarudi na mamia ya gigabaiti, aende RAID 6, au RAIDZ2 kama anatumia ZFS, na kama mfuko unaruhusu anunue kisanduku cha trei sita badala ya nne. Diski sita za terabaiti 8 kwenye RAID 6 zinatoa terabaiti 32. Kinga imekula theluthi moja tu, wakati kwenye diski nne ilikula nusu. Hapo ndipo nafasi na kinga zinapoelewana vizuri kuliko mahali pengine popote kwa mtu wa kipato cha kati. Ukipita diski kumi au kumi na mbili kwenye kundi moja, ligawe makundi mawili.

RAID 5 haijafa. Kwa diski tatu au nne ndogo, za terabaiti 2 kurudi chini, au kwa SSD ambazo hujijenga upya kwa saa chache, na ukiwa na nakala kamili kwingine na diski ya akiba mkononi, ni chaguo la busara. Masharti hayo yote, si mojawapo. Ninayemkatalia ni yule mwenye diski nne za terabaiti 12, hana nakala, hana akiba, na kachagua RAID 5 kwa sababu kisanduku kilipendekeza hivyo.

Sasa nakala, maana hapa ndipo watu wanapolia. RAID si nakala rudufu. Ukifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya, RAID itaifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. Virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia vikiingia, vitafunga kila kitu na pariti itahesabiwa upya juu ya mafaili yaliyofungwa. Mwizi akibeba kisanduku, kabeba diski zote. Radi, moto na bomba la maji lililopasuka ghorofa ya juu havibagui diski. RAID inalinda kazi isisimame, nakala inalinda data isipotee. Kanuni ya 3-2-1 inatosha: data iwe mahali patatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwa studio ndogo hii inaweza kuwa diski mbili za nje zinazobadilishana kila wiki, moja ikichomekwa ofisini wakati wa kunakili tu, nyingine ikikaa nyumbani kwa mwenye mali. Kama bajeti yako inakulazimisha uchague kati ya kinga ya RAID na diski ya nakala, chukua nakala bila kufikiri mara mbili. Ofisi inayoweza kusimama siku nzima ikirudisha mafaili kutoka kwenye nakala haina hata ulazima wa RAID.

Umeme nao uingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Kwenye RAID 5 na 6, data na pariti haziandikwi kwa tukio moja. Umeme ukikatika katikati, data imeshaandikwa na pariti bado, vitu hivyo viwili havikubaliani tena, na hakuna atakayegundua mpaka siku pariti ile itakapotumiwa kujenga diski iliyokufa, ikazaa takataka. Kadi nzuri za RAID zina betri ya kulinda kumbukumbu yake kwa ajili hiyo, na ZFS imeundwa ili tatizo hilo lisitokee. Kwa mwingine yeyote, UPS si pambo. Tena iunganishwe na kisanduku kwa waya wa USB ili kisanduku kijizime chenyewe betri ikikaribia kwisha. UPS inayopiga mluzi tu na kuzima baada ya dakika kumi imeahirisha tatizo.

Kuhusu kadi zenyewe, nina msimamo. Kadi ya RAID ikiungua, mara nyingi utahitaji kadi ya familia ileile ili diski zisomeke, na kuipata kadi ya miaka sita iliyopita kwenye soko letu kunaweza kuchukua wiki. RAID inayofanywa na programu ya Linux au ZFS haina utumwa huo: unahamisha diski kwenye kompyuta nyingine, mfumo unazitambua, unaendelea. Kwa ofisi na studio za ukubwa tunaouzungumzia, kompyuta za leo zinahesabu pariti bila kutoka jasho. RAID inayokuja bure kwenye ubao mama wa kompyuta ya kawaida iache kabisa, haina nguvu ya kadi wala uhuru wa Linux.

Kwenye kununua diski, mambo mawili huwaponza wengi. La kwanza ni diski za SMR, ambazo njia zake za data zimelaliana ili kubana nafasi. Kuzisoma hakuna shida, lakini kuandika kwa mfululizo mrefu kama wa kujenga upya huzilemea mpaka ujenzi wa siku moja uwe wa wiki, au diski itupwe nje ya kundi. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walibanwa na wateja hadi wakataja hadharani ni diski zipi za namna hiyo, kwa hiyo orodha zipo. Tafuta namba ya modeli yako na uhakikishe imeandikwa CMR, yaani njia zake hazijalaliana. La pili ni diski za kompyuta ya mezani kuwekwa kwenye RAID. Diski ya kisanduku ikikutana na sekta ngumu hujaribu kwa sekunde saba hivi kisha husema imeshindwa, RAID inajaza pengo. Ile ya mezani inaweza kung'ang'ana dakika nzima na zaidi, mfumo ukadhani imekufa na kuitoa. Utakuwa umetupa diski nzima kwa sababu ya sekta moja.

Diski zilizotumika zinauzwa sana mjini na sitamlaumu anayezinunua, ila asome kwanza rekodi yake kwa programu ya smartctl. Mwaka una saa 8,760. Diski yenye saa 35,000 imezunguka miaka minne mfululizo. Tazama pia idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Yoyote ikiwa juu ya sifuri, rudisha. Wapo wauzaji wanaofuta rekodi hizo, kwa hiyo diski iliyochakaa kwa nje lakini yenye saa sifuri usiiamini. Na usijaze kisanduku kizima kwa mitumba ya katoni moja.

Kisanduku kikishafika, usiweke data kabla ya kufanya mambo haya. Andika namba ya utambulisho ya kila diski kwenye kipande cha plasta na ukibandike mbele ya trei yake, maana siku ya tatizo mashine itakutajia namba, na lebo ya diski imefichwa ndani. Weka tahadhari ya barua pepe au ya simu na ujaribu kama kweli inafika, kwa watu wawili, si kwa fundi peke yake ambaye huenda ameshahama kazi. Panga ukaguzi wa diski nzima kila mwezi, ule ambao mfumo unasoma kila sekta na kulinganisha na pariti. Huo ndio unaofukua sekta mbovu wakati bado kuna pa kuchukulia jibu. Kisha chomoa diski moja makusudi, kisanduku kikiwa bado kitupu. Utaona taa ipi inawaka, ujumbe unasemaje, na ujenzi unachukua saa ngapi kwa diski zako. Kwenye Linux, ukifungua /proc/mdstat, kundi zima la diski nne litaonyesha [UUUU]. Ukichomoa ya mwisho itakuwa [UUU_]. Hiyo mistari michache, mtu wa pili ofisini naye aione na aijue.

Na siku itakapotokea kweli, usikimbilie kuchomoa. Kwanza sasisha nakala ya data muhimu, hasa zile za wiki hiyo, kwa kuwa ujenzi utazitesa diski zilizobaki na ni bora uanze ukiwa na nakala mbichi. Pili, linganisha namba iliyotajwa na plasta ya kwenye trei, mara mbili, mtu mwingine akisoma kwa sauti. Kuchomoa diski nzima badala ya mbovu kwenye RAID 5 ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupoteza vyote. Tatu, weka ya akiba, yenye ukubwa sawa au zaidi, na uache ujenzi uende. Ukiweza, kazi nzito zisubiri mpaka uishe. Usizime, usihamishe, usisasishe programu ya kisanduku. Ujenzi ukikwama katikati kwa kosa la kusoma na huna nakala, acha kila kitu kama kilivyo, usilazimishe na usijaribu kuunda kundi upya, kwa sababu kila jaribio linaandika juu ya kitu ambacho mtaalamu wa kuokoa data angeweza kukisoma. Ukimalizika salama, endesha ukaguzi wa diski nzima, angalia rekodi za diski zilizobaki, na uagize diski nyingine ya akiba wiki hiyohiyo, maana iliyokuwa kabatini imeshaingia kazini.